Uzi Haujakaa

Hebu niambie, wewe umewahi kuwapikia watu siku tatu mfululizo, kisha ukawakuta nyuma ya nyumba yako wanaipima kwa hatua?

Sabina aliwakuta Jumamosi asubuhi. Alikuwa ametoka kumwaga maji aliyooshea mchele, beseni likiwa bado mkononi, akamwona Masele anatembea taratibu kutoka ukuta wa choo kuelekea ziwani. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya ngozi, na alikuwa anahesabu kwa sauti. Mdomoni alikuwa na kijiti cha meno. Kila akifika kumi anatema, na mate yake ya mara moja yaliangukia juu ya mchicha ambao Sabina alipanga kuuchuma mchana ule ule.

"Arobaini na mbili mpaka kwenye matete," Masele alisema.

"Na maji yakipanda?" aliuliza Obedi, ambaye alikuwa anamfuata nyuma huku ameikunja suruali asiichafue kwa umande.

"Yapande tu. Mimi nafuga samaki, sifugi mbuzi."

Obedi alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Paulo, mume wa Sabina. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na tumbo ambalo hulitanguliza kila mahali kama mtu aliyebeba tikiti maji. Masele alikuwa rafiki yake mwenye vizimba vya samaki, anayetafuta kiwanja cha ufukweni cha kujenga stoo ya chakula cha samaki. Paulo alikuwa fundi wa injini za mitumbwi hapa Igombe. Nyumba ile aliijenga na mkewe tofali kwa tofali, na alikuwa amezikwa Jumatano. Udongo wa kaburi ulikuwa bado unatoa maji.

"Shemeji, umeamka," Obedi alisema alipomwona. Hakuona haya hata kidogo. "Wageni wetu wa Sengerema wamenipigia, wameshavuka daraja. Chai ipo?"

"Ipo."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

Obedi akamgeukia Masele kwa uso wa mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto aliyejisaidia mbele ya wageni. Masele akasema si neno, msiba ni msiba, kisha akatema tena.

Sabina alirudi jikoni na beseni lake.

Ndani, sebule ilikuwa inanuka soksi na mchuzi uliolala. Watu kumi na wanne walikuwa wamelala pale, na kila mmoja aliacha kitu chake: huyu ganda la karanga, yule kohozi kwenye kona lililofunikwa na mchanga kidogo, kama paka afanyavyo. Mke wa Obedi alikuwa amefungua kabati la vyombo tangu Alhamisi, akisema anatafuta chumvi. Chumvi ilikuwa jikoni, na aliambiwa iko jikoni. Pazia la dirishani lilikuwa na alama za vidole vya mafuta kuanzia chini mpaka kimo cha mtu mzima, kwa sababu maji ya kunawa yalikuwa hatua sita nje na pazia lilikuwa karibu.

Evelina, binti wa Sabina, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa anafagia. Aliposogeza meza ya redio akaona bahasha ya kaki. Haikufungwa. Alisoma akiwa amesimama, ufagio kwapani, kisha akaenda nayo jikoni.

"Mama, ukoo ulikaa lini?"

"Utakaa leo, baada ya kuanua matanga."

"Basi hii imeandikwa na nani?" Akasoma kwa sauti ya chini. "Muhtasari wa kikao cha ukoo. Wajumbe kwa kauli moja wamempendekeza ndugu Obedi kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu. Mjane wa marehemu ameridhia." Akashusha kidole mpaka chini ya karatasi. "Imeshapigwa chapa. Wameacha nafasi za sahihi tu. Yako wameandika, dole gumba."

"Mimi najua kuandika."

"Wewe unajua. Wao hawajui kama unajua. Umeridhia?"

Sabina aligeuza kuni moja iliyokuwa inatoa moshi. "Rudisha ulikoitoa."

"Mama, nimekuuliza."

"Nimesikia. Irudishe kabla hawajaikosa."

Alichokuwa anakitaka alikijua vizuri. Karatasi hiyo ndiyo inayopelekwa Mahakama ya Mwanzo, na yule aliyetajwa mle ndani ndiye anayekabidhiwa vitu vya marehemu, nyumba, kiwanja, vifaa vya ufundi, vyote. Sabina alitaka msimamizi awe yeye. Tangu Jumatano neno hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa sato. Lakini kila alipoulizwa, "Mama Evelina, unaonaje?", mdomo wake ulijibu wenyewe, "Mtakavyoona." Alijibu hivyo kuhusu jeneza. Alijibu hivyo kuhusu ng'ombe wake wa maziwa aliyechinjwa ili wageni wa Obedi wasile dagaa. Kila akilisema, alijisikia kama mtu aliyeilamba sahani ya mwenzake.

*

Mama mkwe wake, Bibi Odeta, alikuwa amekaa kitako nyuma ya jiko akichambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa. Asili yao ni Ukerewe. Sabina ni Msukuma wa Magu, na mambo mengi ya upande huu aliyajua kwa kuyaona tu, hakuwahi kuelezwa.

"Mama, huyo mzee mpiga nanga, hiyo ala yenu ya nyuzi, anakuja kufanya nini hasa?" aliuliza.

"Kuanua matanga. Kwetu matanga hayaanuliwi kwa kufagia peke yake." Bibi Odeta alitupa chenga moja kwa kuku. "Anapiga nyimbo tatu. Wa kumlilia, wa kumsindikiza, na wa kurudisha watu makwao. Kila wimbo una mpango wake wa uzi. Kwa hiyo katikati anaacha kupiga, analegeza, anakaza upya, watu wote wapo wamekaa. Pale ndipo penye kazi."

"Kazi gani?"

"Uzi ukilegezwa, mwenye neno na marehemu au na nyumba yake anasimama anasema. Hakatizwi. Mtu mmoja, mara moja tu. Uzi ukikaa, mpigaji anasema umekaa, na hapo mdomo unafungwa. Usilolisema wakati huo hulisemi tena kikaoni. Ukilisema wanakuambia, ulikuwa wapi uzi ulipokuwa chini?"

"Wewe ulisema, mama?"

"Nilipofiwa na baba yao nilisema sitaki kurithiwa. Shemeji yangu alikuwa amekaa pale, ameshanyoa ndevu." Bibi kizee akacheka kidogo bila sauti, kisha akaacha. "Sasa usinitazame hivyo. Siwezi kukusemea. Obedi nimemzaa mimi, siwezi kusimama juu ya mtoto wangu mmoja kwa ajili ya mwingine aliye chini ya udongo. Lakini wewe unaweza."

"Watasema nimemuua ili nipate nyumba."

"Wameshasema. Hukusikia? Walisema juzi, mke wa Obedi ndiye aliyesema, akiwa anakula kuku wako."

Sabina alinyanyua sufuria ya chai akatoka nayo.

*

Mzee Nestory alifika saa nne, nanga yake imefungwa kwenye shuka la kijani, juu ya pikipiki ya kukodi. Watu wakamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakagua mkeka kama kuna maji. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kucha ndefu mkono mmoja tu.

Kwa asiyeijua, nanga si kitu cha kutisha. Ni ubao mmoja uliochongwa kwa ndani, mrefu kama mkono na bega lake, umbo la sinia la mbao lile wanalokatia nyama. Kila ncha ina meno. Uzi wake ni mmoja tu, wa mshipa wa ng'ombe, unapita kwenye jino la huku ukaenda jino la kule, ukarudi, ukaenda, mpaka unaonekana nyuzi saba. Kwa kuwa ni mmoja, huwezi kukaza wa tatu ukauacha wa nne. Ukivuta hapa unalegea pale. Mpigaji anaanzia ukingoni, anausukuma ulegevu jino kwa jino mpaka unatokea upande wa pili, halafu anasikiliza. Akiwa na bahati, mara moja inatosha. Na hewa ya ziwani haitoi bahati bure. Asubuhi uzi unakuwa mnene na mzito, jua likitoka unasinyaa.

Wimbo wa kwanza ulipigwa watu wakiwa kimya. Uzi ulikuwa chini sana, ukitoa sauti ya mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Sabina alikaa kwenye mkeka wa wafiwa pamoja na Evelina, akiangalia kucha za mzee Nestory, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akalia bila kuamriwa.

Mzee akamaliza. Akaweka kidole kwenye jino la kwanza, akaachia.

"Uzi umelegea," alisema. "Mwenye neno na Paulo, au na nyumba ya Paulo, aseme."

Sabina alivuta pumzi. Aliweka mkono chini ili asimame.

"Shemeji," Obedi aliita kutoka kwenye viti vya plastiki, kwa sauti ya chini na ya upole, kama vile hataki kuharibu ibada. "Samahani. Wageni wa Sengerema hawajapata mchuzi. Wametoka mbali."

Na Sabina akaenda. Aliinuka akaenda jikoni, akapakua mabakuli matatu ya mchuzi. Mikono ilikuwa inafanya kazi na yeye alikuwa anaitazama, kama mikono ya mfanyakazi wa mtu mwingine. Akiwa anachota la tatu alisikia sauti ya Obedi uwanjani ikisema kwamba yeye kama kaka hatawaacha watoto wa Paulo, kwamba kila kitu kitasimamiwa vizuri, kwamba mjane ni mtu wa heshima na hana maneno. Watu wakaitikia mmh. Alipotoka na sinia la mabakuli, mzee Nestory alikuwa anasema, "Umekaa," na wimbo wa pili ukaanza.

Mgeni mmoja alilipokea bakuli bila kumtazama. "Hamna ndimu?" aliuliza.

Akamletea ndimu.

*

Wimbo wa pili ulipokwisha, desturi ni watu kula kwanza, uzi ukiwa bado vile vile. Ikaletwa nyama. Ng'ombe yule wa maziwa alikuwa na mafuta mengi, na sasa mafuta yale yalikuwa kwenye videvu vya watu. Masele alikalia kiti karibu na mkeka wa mpigaji kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Alikuwa anakula mbavu. Alikuwa na namna ya kuuvuta mfupa kutoka mdomoni huku meno yameuma, ukitoa sauti kama mtu anavua ndala kwenye tope. Inzi walikuwa wanamfahamu.

Mzee Nestory aliilaza nanga yake mkekani, akaenda chooni. Alipotoka, alimkuta Obedi amesimama pale nje.

"Mzee wangu, kazi nzuri. Umenikumbusha mbali."

"Asante, baba."

"Huo uzi, kuupandisha kwenda wimbo wa tatu, unachukua muda gani?"

"Inategemea hewa."

"Mara ya kwanza ulichukua muda sana."

"Hata hiyo ya kwanza niliwahi, maana jua lilikuwa limeanza kuwaka."

"Basi hii ya pili uwahi zaidi." Obedi akamshika mkono kama anayemsalimia, na ndani ya mkono kulikuwa na noti zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidonge. "Watu wamechoka, mzee. Wanawake wakianza maneno hapa tutafika jioni. Wewe ukigusa tu, sema umekaa."

"Hata kama haujakaa?"

"Nani kati yao anajua?"

Mzee Nestory hakuzihesabu. Alikuwa na shida zake, nani hana. Aliinama akaziingiza kwenye soksi, akainuka, halafu akarudi kwenye ndoo ya maji iliyo mlangoni mwa choo akanawa mikono, na alipomaliza akanawa tena. Noti zilikuwa na unyevu wa jasho la Obedi, na unyevu ule aliusikia kwenye kifundo cha mguu njia nzima.

Aliporudi mkekani alikuta mifupa kwenye nanga.

Ilikuwa minne. Mitatu ilikuwa chini ya uzi, imesukumwa kwa kidole, na mmoja ulikuwa umelala kwenye meno ya ncha ya kushoto ukiwa na kipande cha mafuta meupe kilichoanza kuganda. Inzi watatu walikuwa wanatembea juu ya uzi.

Mzee alisimama akatazama. Masele alikuwa bado anatafuna.

"Kijana, hii umeweka wewe?"

"Nini? Aa." Masele aliangalia. "Nilidhani ni sinia la mifupa, mzee. Si limekaa kisinia?"

Vijana wawili wakacheka, wakaacha. Masele alijifuta vidole kwenye shuka la kijani lililokuwa pembeni, akalisogeza kwa mguu.

Mzee Nestory alichuchumaa. Aliitoa mifupa mmoja mmoja akaiweka chini mbele ya viatu vya Masele, akaipanga, kama anamrudishia mali yake. Akachukua ncha ya koti lake akafuta. Mafuta ya ng'ombe hayafutiki kwa koti. Alikuwa anayapeleka tu kutoka jino hili kwenda jino lile.

"Mzee, tuendelee," Obedi aliita.

*

Watu wakarudi kukaa. Bahasha ya kaki ilikuwa sasa kwenye paja la Obedi, na kalamu juu yake. Sabina alikaa mkekani mikono yake ikinuka vitunguu. Evelina alikuwa amemwegemea kwa bega, anasukuma kidogo kidogo.

Mzee Nestory akaweka kidole kwenye jino la kwanza, akaachia.

"Uzi umelegea. Mwenye neno na Paulo, au na nyumba ya Paulo, aseme."

Hapo hapo akaanza kuukaza, haraka, kama alivyoagizwa. Alivuta jino la kwanza, likashika. La pili likashika. La tatu akavuta, uzi ukatoa sauti ya juu, kisha ukateleza ukarudi chini wote, ukanywea kama tumbo lililopigwa. Akaanza upya. La kwanza, la pili, la tatu. Ukateleza.

Kuku mmoja alikuwa anadonoa mifupa ya Masele.

"Mzee, dakika zinakwenda," Obedi alisema.

"Una mafuta."

"Nini kina mafuta?"

"Meno ya nanga. Yana mafuta ya nyama. Mtu katupa mifupa humu." Mzee hakuinua uso. "Uzi ukikutana na mafuta haukai. Niletewe jivu."

Bibi Odeta aligeuza kichwa polepole. Alimtazama Masele mdomo, kidevu, mpaka viatu, akamaliza, akarudisha macho yake kwa mwanae. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye walisogea, kama watu waliosikia harufu.

"Mara hii amekula nyumba kabla hajapewa," mmoja alisema pembeni.

Evelina alileta jivu kwenye kifuniko cha sufuria. Mzee akachukua kidogo akasugua jino la kwanza, la pili. Obedi alikuwa amesimama.

"Basi wakati tunasubiri, ndugu zangu, mimi naomba niongezee pale nilipoishia..."

"Wewe umeshasema," alisema Bibi Odeta.

"Mama, ni kuongezea tu."

"Mtu husema mara moja. Ulipokuwa mdogo ulikuwa husikii, na leo una mvi husikii. Keti."

Obedi akaketi. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mikunjo ya shingo. Akamtazama Sabina, akatabasamu, na sauti ikawa ile ile ya upole.

"Shemeji, basi wageni wanawishwe. Mikono ina mafuta, umesikia mwenyewe. Maji, shemeji."

Sabina aliinuka. Kweli aliinuka. Jagi lilikuwa karibu na nguzo, akalishika, akachukua beseni, akafika mbele ya Masele. Masele akanyoosha vidole vyake vyote kumi, vinang'aa, ukoko wa ugali kwenye kucha, akavitingisha kidogo kama mtu anayemwita mbwa. Sabina aliviangalia. Kinyaa kikamshika, na safari hii hakikuwa cha kujichukia yeye.

Akasimama pale. Maji hayakumwagika.

"Mama, nipe," Evelina alisema nyuma yake. Akalitoa jagi mkononi mwa mamake, akalitoa na beseni. "Nitanawisha mimi."

Sabina akabaki katikati ya uwanja hana kitu mkononi. Hakukumbuka lini alisimama mbele ya watu bila kushika chombo. Mikono yake haikujua ikae wapi. Aliificha kwenye khanga, akaitoa.

Mkekani, mzee Nestory alikuwa amefika jino la saba. Jivu lilikuwa limefanya kazi. Uzi ulikuwa umekaa, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa yeye na kucha yake. Alimtazama mwanamke yule aliyesimama. Akamtazama Obedi, aliyekuwa anamkazia macho huku ameivua kalamu kifuniko chake. Noti zilikuwa zinamwasha kwenye soksi.

Akaweka kidole kwenye jino la kwanza akauachia uzi wote, ukalia tuu, ukalala.

"Haujakaa," alisema.

"Mzee," alisema Obedi.

"Nimesema haujakaa." Akainama, akaingiza vidole kwenye soksi, akakitoa kile kidonge cha noti na kukiweka juu ya ile mifupa minne. "Na hizi ni zako, uliniangushia kule chooni. Zilinifanya niharakishe, na uzi haupendi kuharakishwa."

Mnong'ono ukapita kwenye viti kama upepo kwenye matete. Mgeni mmoja wa Sengerema, aliyekuwa anaomba ndimu muda wote, aliweka bakuli lake chini. Mke wa Obedi alisema hayo ni mambo ya kutengenezwa, na aliyekaa pembeni yake akasogeza kiti.

Obedi hakuzitazama noti. Alimgeukia Sabina, na upole wote ulikuwa umemtoka usoni kama rangi ya bei rahisi.

"Haya, shemeji. Naona umesimama. Una neno? Wewe si ndiye unayesema mtakavyoona? Unataka nini? Hebu tuambie, tukusikie."

Mzee Nestory alikuwa ameshika uzi kwa vidole viwili, hakazi wala haachii. Bibi Odeta alikuwa anatazama chini, anachambua mchele ambao haukuwepo.

"Nataka," Sabina alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaanza tena, na safari hii waliokaa mwisho kabisa, wale wa kwenye ukuta wa choo, walisikia.

"Kwenye bahasha hiyo mmeandika nimeridhia. Sijaridhia. Na mmeandika nitaweka dole gumba, wakati jina langu najua kuliandika, niliandika siku ya ndoa mbele yako, shemeji, wewe ulikuwa shahidi. Nilipoulizwa nilikuwa nasema mtakavyoona. Nilikuwa nadanganya. Tangu Jumatano nilikuwa nataka kitu kimoja, na nilikuwa naona kinyaa kukitamka mbele yenu, kama vile mimi ndiye mchafu." Akanyoosha mkono wake mtupu kuelekea kwenye bahasha. "Msimamizi wa vitu vya Paulo nataka niwe mimi."